Kamera Imepotea kwenye Mashine ya Kupimia: Kabla Hujapiga Windows, Fuata Njia ya Picha

(Haya ni maongezi niliyotoa kwenye mkutano wetu wa mafundi hapa Tabora. Wengi mliomba niyaandike, na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri maana spika zilikuwa zinakata. Nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema.)

Mwangaluka wote. Wazee wangu wa karakana shikamooni, kaka na dada zangu mafundi habari za asubuhi, na nyie vijana wa chuo mliokuja na madaftari karibuni sana, leo mkae mbele kabisa maana hii kazi ndio mnaenda kuirithi.

Naongelea mashine za kupimia zinazoendeshwa na kompyuta, CMM kama wengi tunavyoziita, na hasa zile zenye kamera. Unaweka kipande juu ya kioo, taa inapiga kutoka chini au kutoka kwenye duara la LED juu, lenzi inaangalia, picha inakuja kwenye skrini na programu inashika kingo za kipande inakupa kipimo. Zingine zina kamera tu, zingine zina kamera pamoja na ile probu ya kugusa yenye kijipira cha rubi. Sasa kamera ikipotea, yaani umewasha kila kitu alafu skrini inakwambia haijaona kamera, hapo kazi yote imesimama, na foleni ya vipande inaanza kukua mezani.

Kwa nini nalibeba hili jambo kwa uzito hivi? Sisi tuko Tabora. Reli ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, na mpaka leo kazi nyingi ya chuma mji huu inazunguka reli. Reli ya zamani upana wake ni milimita 1000, hii mpya ya kisasa ni 1435, lakini ukishafika kwenye bering, bushi na pini huongelei tena milimita, unaongelea mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na mikroni huwezi kuzikadiria kwa macho. Mtaalamu akiitwa anatoka Dar, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, au anatoka nje ya nchi kabisa, anataka nauli, anataka pa kulala, na kazi inamsubiri muda wote huo. Alafu mara nyingi akifika anachomoa kebo moja anachomeka nyingine, anawasha, inafanya kazi, anaandika ankara. Hicho kitu kinaniuma sana, kwa sababu waliokuwa wamekaa pembeni ya hiyo mashine siku zote hizo walikuwa na akili na mikono ya kufanya hivyo hivyo, hawakuwa tu wameonyeshwa wapi pa kuanzia.

Na mahali ambapo wengi tunaanzia ndio penye shida. Kamera ikipotea mtu wa kwanza anasema kompyuta ina virusi, wa pili anasema tupige Windows, yaani tuifunge upya. Ndugu zangu, naomba hili mlisikie kuliko yote nitakayosema leo: usipige Windows kwenye kompyuta ya mashine ya kupimia kwa sababu ya kamera. Ndani ya ile kompyuta, au kwenye kontrola, lile boksi linaloongoza mota za mashine, kulingana na aina, kuna faili la marekebisho, lile ambalo waliofunga mashine walipima makosa yake yote, X (mhimili wa kushoto na kulia) imepinda kiasi gani, Y (wa mbele na nyuma) na X hazikai digrii 90 kamili kwa kiasi gani, wakaandika ili programu iwe inayatoa kwenye kila kipimo. Hilo faili ni la mashine yako peke yake, huwezi kuazima la jirani hata kama mashine zenu zimetoka kiwanda kimoja wiki moja. Kuna karakana moja, siitaji, kijana wa kompyuta aliitwa kwa nia njema kabisa akafuta diski akapiga Windows mpya safi, na kamera ikarudi kweli. Lakini faili la marekebisho lilikuwa kwenye ile diski na nakala hakuna. Wakaendelea kupima vipande, namba zinatoka, zinaonekana nzuri, na zote si za kweli. Shida iliyoanza ilikuwa kebo.

Basi tufanye vipi? Tufuate njia ya picha. Fikiria mzigo umepakiwa Dar unakuja Tabora na haujafika. Hukimbilii kubomoa stesheni ya Tabora, unapiga simu Morogoro, wameuona? Wameuona. Dodoma? Hawajauona. Basi umeshajua uko wapi. Picha nayo ina stesheni zake: taa, lenzi, kamera yenyewe, umeme wa kamera, kebo, poti au kadi kwenye kompyuta, draiva inayoiwezesha Windows kuongea na kamera, alafu ndio programu ya kupimia. Unaenda moja moja, na kila ukigusa kitu kimoja unaangalia kimebadilisha nini kabla hujagusa cha pili. Ukibadilisha kebo na draiva na poti kwa mpigo mmoja na kamera ikarudi, hujajifunza kitu, na itarudia tena mwezi ujao.

Kwanza kabisa angalia ugonjwa wenyewe ukoje, maana watu wanasema kamera haifanyi kazi kwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Kompyuta kutoiona kamera kabisa ni kitu kimoja. Kamera inaonekana lakini picha nyeusi ni kitu kingine, hapo usipoteze muda na kebo, angalia taa imewaka, kifuniko cha lenzi kimetolewa, muda wa kupokea mwanga haujashushwa mpaka chini, na angalia sana ile seti ya triga. Kamera nyingi za viwandani zina hali ya kusubiri ishara ya nje ndio zipige picha, sasa mtu akiiwasha bila kujua, au programu nyingine ikaiacha hivyo, kamera iko hai, imeunganishwa vizuri, inasubiri ishara ambayo haiji, na wewe unaona skrini nyeusi au picha iliyoganda. Unazima hiyo triga, picha inakuja. Na ile picha inayokuja alafu inakatika katika, ina mistari, inakwama, hiyo ni ya tatu, na hiyo ndio kwa uzoefu wangu inatokana na kebo na umeme karibu kila wakati.

Hapa kwenye kebo nitakaa kidogo, mnivumilie. Kamera haijakaa sehemu moja, inapanda na kushuka na Z, ule mhimili wa juu na chini, na kwenye mashine zingine inaenda na X na Y pia, na kebo yake inapita kwenye ule mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujinyoosha kila mashine ikitembea. Waya wa ndani ukichoka unakatika bila ganda la nje kuonyesha alama yoyote, ukiishika kebo ni nzima kabisa. Kuijua ni hivi: fungua picha ya moja kwa moja, usipime chochote, peleka Z juu taratibu mpaka mwisho, irudishe chini mpaka mwisho, na macho yako yabaki kwenye picha. Kama inakatika Z ikifika sehemu ile ile kila mara, basi kebo imekatikia ndani pale inapojikunja, huna haja ya kutafuta zaidi. Alafu simamisha mashine, shika plagi upande wa kamera, itikise kidogo sana, uone. Plagi za kamera za viwandani zina skrubu za kukazia na zimewekwa kwa sababu, mtetemo wa mashine unazilegeza, na nimeona plagi nyingi zimechomekwa tu skrubu zinaning'inia. Dakika moja na bisibisi ndogo. Na ukitaka uhakika, chukua kebo nyingine fupi, ipitishe hewani nje ya mnyororo kwa muda, mashine ikiwa imesimama, kamera ikitulia umepata jibu lako.

Urefu nao una sheria. USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, USB 3.0 watu wa kazi hawapendi kuzidi mita 3 kwa kebo ya kawaida ya shaba, FireWire ya zile mashine za zamani ni mita 4.5, ile ya netiweki, ile GigE, inaenda mpaka mita 100. Sasa mtu kompyuta ameihamishia meza ya pili, kebo haifiki, ameenda dukani amenunua ile ya kuungia ya USB ya kawaida, ameunga, na inafanya kazi asubuhi mchana inagoma. Haiwezi kutulia hiyo. Poti za mbele za kompyuta pia ziacheni, zile ndani zinaunganishwa na kawaya kengine mpaka kwenye bodi, kamera ichomekwe nyuma moja kwa moja, na isipite kwenye habu pamoja na mausi na flashi na printa.

Na tufanye hesabu, vijana andikeni. Kamera ya pikseli 1280 kwa 1024, kila pikseli baiti moja, ni kama megabaiti 1.3 kwa picha moja. Picha 30 kwa sekunde ni kama megabaiti 39 kila sekunde, ukizidisha mara 8 inakuwa kama megabiti 315. USB 2.0 imeandikwa megabiti 480 lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, kazini hupati yote. Kwa hiyo kamera moja inapita kwa shida, ukiweka kamera ya pili kwenye njia ile ile, mfano ile ya kuangalia eneo zima, hakuna namna, moja itagoma, na utasema kamera mbovu wakati zote nzima. Punguza idadi ya picha kwa sekunde au weka kadi ya USB nyingine.

Umeme sasa, na hapa kwetu mnajua wenyewe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ina UPS imepona, ila adapta ya kamera imechomekwa ukutani moja kwa moja. Kamera yenye adapta yake ya volti 12, chukua multimita upime, lakini usipime ikiwa tupu, adapta iliyochoka ikiwa haina mzigo inasoma 12 vizuri, ukiweka kamera inashuka 9 na kamera inawaka na kuzima. Pima ikiwa na mzigo. Kamera, taa na kontrola vyote viwe nyuma ya UPS, na kebo ya kamera isifungwe pamoja na waya za mota, zile mota zikianza kuzunguka zinatoa kelele ya umeme na picha inaonyesha mistari mashine ikitembea, ikisimama inatulia. Ukiona hivyo tenganisha waya, na cheki waya wa ethi umekazwa. Alafu zile za FireWire na zile zenye kadi ya kunasia picha ndani ya kompyuta, zima kwanza ndio uchomoe, poti ya FireWire inabeba umeme na inaweza kufa mikononi mwako.

Kamera za netiweki zina mambo yake. Kebo yake inafanana kabisa na ya intaneti, na hapo ndio vurugu inaanzia, maana kompyuta ya mashine mara nyingi ina poti mbili, moja ya kamera na moja ya kontrola au ya ofisini, mtu anakuja kufanya usafi au anatafuta intaneti anabadilisha. Andikeni kwenye stika, bandikeni juu ya poti. Anwani nayo lazima ikubaliane, kama poti ya kompyuta ni 192.168.1.10 kamera iwe 192.168.1.20 au namba nyingine kwenye familia hiyo hiyo, na maski 255.255.255.0 kote, na ile poti nyingine iwekwe familia tofauti kabisa. Ukiona inaanza na 169.254 ujue kifaa kilijipa anwani chenyewe baada ya kukosa wa kumpa, sio kosa kama pande zote mbili ziko hivyo, ni kosa kama moja iko hivyo na nyingine haiko.

Kitu kingine ambacho kinasumbua sana: kamera inaonekana kwenye orodha, unaweza hata kubadilisha seti zake, lakini picha haiji. Hapo fikiria faiawoli, ule ulinzi wa Windows unaozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa. Kuna siku kiboksi kilitokea kikauliza uruhusu programu hii, mtu akabonyeza kufuta ili kiondoke, tangu hapo maagizo yanaenda lakini mafurushi ya picha yanazuiwa mlangoni. Ruhusu programu ya kupimia na programu ya kamera, yatapita. Na kama kadi na kamera zote zinakubali, weka yale mafurushi makubwa ya karibu baiti 9000 badala ya 1500, kompyuta itapumua. Alafu angalia kasi iliyoandikwa kwenye hiyo poti. Gigabiti inahitaji waya zote 8 ndani ya kebo ziwe nzima. Waya mmoja ukikatika, kadi inaweza kushuka kimya kimya mpaka megabiti 100 maana hiyo inahitaji waya 4 tu, na kwa ile kamera tuliyoihesabu utapata kama picha 9 kwa sekunde ikijitahidi. Mwendeshaji anasema tu siku hizi picha nzito. Hapana, ni waya.

Kwenye programu nitapita haraka. Kamera inashikwa na programu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama umefungua ile programu ndogo ya mtengenezaji wa kamera kujaribu, ifunge kabla hujafungua ya kupimia, na kama programu ya kupimia ilijifunga vibaya, iko bado nyuma imeishika, washa kompyuta upya. Lakini hiyo programu ndogo ni rafiki yako mkubwa, kama picha inaonekana humo, basi taa, lenzi, kamera, kebo, poti na draiva vyote vizima, shida iko kwenye seti za programu ya kupimia tu. Kamera ikipotea baada ya chakula cha mchana au asubuhi tu, angalia Windows isiwe inazima poti za USB kuokoa umeme, ondoa hiyo tiki, na kwa kadi ya netiweki pia. Ikipotea baada ya apdeti, fungua Device Manager, uone kama Windows imeweka draiva yake ya jumla badala ya ile ya mtengenezaji, irudishe ile ya zamani. Na wenye mashine za Windows 7 msilazimishwe na mtu kupandisha kwa sababu Windows 7 iliachwa Januari 2020, ulizeni kwanza kama kuna draiva ya hiyo kamera kwa mfumo mpya, nyingi za FireWire na kadi za zamani hazina. Iacheni hiyo kompyuta nje ya intaneti, flashi zipimwe kwanza, na itaendelea kufanya kazi.

Haya, picha imerudi, watu wanapiga makofi. Bado. Hapa ndio nawaomba sana, maana picha inaweza kurudi na kipimo kisirudi. Draiva ikifungwa upya kamera inaweza kuanza kwa pikseli nusu ya zile za mwanzo, programu inaamini kila pikseli ni mikroni 4 kumbe sasa ni 8, tundu la milimita 2 linasomeka milimita 1. Hilo utaliona. Lisiloonekana ni hili: ulifungua kamera kwenye lenzi ukairudisha, ile shingo ya C, pale kamera inapofungwa kwenye lenzi, ina nyuzi za kuzungusha, ukikaza kidogo zaidi au pungufu kamera imezunguka. Digrii moja tu, alama iliyo milimita 2 kutoka katikati ya picha inahama mikroni 35. Kipande kitapita ambacho hakikutakiwa kupita, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Na kama kulikuwa na kiringi cha milimita 5 kati ya kamera na lenzi, kikianguka kikasahaulika mezani, picha haitakaa sawa kokote.

Kwa hiyo toa rula ya kioo, iweke, kalibreti pikseli kwa kila zumu mnayotumia, nyoosha kamera na mhimili wa X kwa kufuata alama moja kutoka ukingo wa kushoto wa picha mpaka wa kulia bila kupanda wala kushuka, na kama mashine ina probu ya kugusa pima upya umbali wa kamera na probu kwenye ile ringi ya kukalibretia. Alafu chukua kipande kimoja mnachokijua vizuri, kile chenye cheti, kipime, andika. Fanyeni hivyo chumba kikiwa kimetulia karibu na nyuzi 20, sio saa nane mchana wa Oktoba na dirisha wazi, chuma cha nusu mita kikipanda nyuzi 10 kinarefuka karibu mikroni 58 na mtailaumu kamera bure. Haya yakiisha ndio mashine imepona na saini inawekwa kwenye daftari, kabla ya hapo kipande kisitoke.

Na leo leo mkirudi kazini, kabla kitu hakijaharibika, nakilini lile faili la marekebisho na seti za kamera na draiva kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini kwa mkuu wa karakana. Pigeni picha kwa simu poti zote zilivyochomekwa, na ukurasa wa seti za kamera, pikseli, triga, anwani, vyote.

Sasa nimeleta kamera tatu na kebo kama nane hapa mezani, zingine nzima zingine nimezitafutia ugonjwa makusudi, sogeeni kwa vikundi, vijana wa chuo muanze, kila kikundi kichukue kamera moja kiniambie picha imekwama stesheni gani na umejuaje. Wazee wangu mtakaa nao mkiwauliza maswali. Multimita ziko kwenye ile sanduku ya bluu.